Fomu Isiyojazika Kiganjani

Msimu wa maombi ukifika, steshenari zilizo jirani na stendi ya Msamvu, Morogoro, huanza kujaa kabla jua halijapanda. Walio kwenye foleni wengi ni vijana, na karibu kila mmoja ana simu janja mkononi. Simu hizohizo wanazitumia kutuma pesa, kuuza viatu, kusikiliza mahubiri na kufuatilia mpira. Fomu ya mtandaoni iliyowaleta pale ndiyo imewashinda, na sasa wanamlipa mwenye kompyuta awajazie.

Mwaka huu nilikwenda huko na binti wa kaka yangu, aliyekuwa akiomba nafasi katika taasisi moja. Usiku mzima alikuwa amehangaika nayo nyumbani. Ukurasa ulifunguka na maandishi yasiyosomeka kwa udogo. Akiyavuta kwa vidole viwili yanakua, lakini kitufe cha kuendelea kinatoka nje ya kioo. Alipokitafuta akakipata na kukibonyeza, fomu ikarudi mwanzo, tupu.

“Shangazi, simu yangu mbovu,” aliniambia.

Simu yake ni nzima. Nilimwambia hivyo papo hapo, kwa sababu nimeisikia kauli hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini, kutoka kwa watu wa kila rika, na kila ninapoisikia inanikera upya. Mtu ananyimwa huduma, kisha anaondoka akiamini kwamba kasoro ni yake.

Kijana wa steshenari alimjazia vizuri na kwa haraka. Alimfungulia barua pepe mpya, akamwekea neno la siri, kisha akaliandika kwenye kaunta buku lake pamoja na jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho. Kurasa zilizotangulia zilijaa watu wengine kwa mtindo huohuo. Nilimwuliza kwa nini anaandika. Akanijibu kwamba wateja hurudi baada ya mwezi wakiwa wamesahau kila kitu, na asipokuwa na kumbukumbu watapoteza maombi yao. Ni kijana mwaminifu na alikuwa akiwatendea wema. Lakini daftari lile lilikaa juu ya meza, wazi, kila aliyekuja kutoa kopi akiinama juu yake.

Kazi ya kijana huyo niliwahi kuifanya mimi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikuwa mhudumu wa mgahawa wa intaneti pale Mwenge, Dar es Salaam. Nusu saa ilikuwa shilingi 500. Mawasiliano yalitoka kwenye dishi la setilaiti juu ya paa, na mvua ikinyesha kila kitu kilizubaa. Mteja alilipia muda, na sehemu kubwa ya muda huo aliimaliza akitazama picha moja ya kichwa cha tovuti ikijichora mstari baada ya mstari, picha ambayo hakuwa na haja nayo. Alichotaka kilikuwa chini yake: matokeo ya mtihani, au barua kutoka kwa ndugu aliye mbali.

Pale ndipo nilipojifunza kwamba ukurasa una uzito, na kwamba uzito huo hulipiwa na msomaji. Waliotengeneza zile kurasa hawakuwahi kukaa kwenye kiti cha plastiki wakiangalia saa ya ukutani. Wateja wangu walikaa. Baadhi yao walianza kuja na vikaratasi vyenye anwani za kurasa nyepesi tu, zile za maandishi matupu, wakaziacha nyingine zote.

Nilijifunza la pili pia. Kwa kuwa wengi hawakuzoea kibodi, waliniambia “dada, niandikie,” nami niliandika. Nilisoma barua za watoto kwa mama zao. Nilijua nani ameachwa, nani ameugua, nani amekwama ugenini bila nauli. Nilifunga mdomo, lakini hakuna aliyepaswa kuutegemea mdomo wangu. Panapokuwa na chombo ambacho mwenye shida hawezi kukitumia mwenyewe, lazima atokee mtu wa katikati, na huyo wa katikati, hata akiwa malaika, anapata asichopaswa kukijua. Simu ilipoingia mifukoni mwa watu nilidhani mambo hayo yanakwisha.

Na kwa upande mmoja yalikwisha kweli. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, kisha mitandao mingine ikafuata. Mama mkubwa wangu wa Kilosa, aliyesoma hadi darasa la nne, alikuwa na kitochi cha Nokia. Siku moja nilimkuta nyuma ya nyumba akimtumia mjukuu wake pesa ya daftari, peke yake, bila kumwita mtu. Alibonyeza nyota, namba, nyota, namba, reli. Menyu ikaja kwa Kiswahili, yenye mistari michache, kila mstari na namba yake. Akachagua, akaandika namba ya simu, akaandika kiasi. Alipomaliza aliiweka simu kwenye khanga na kuendelea kuchambua mchicha.

Nimefanya kazi na wabunifu waliosoma vyuo vikubwa, lakini kwa jambo hili sijaona somo lililozidi lile la uani Kilosa. Menyu ile huja kwa njia ya USSD, na ujumbe mmoja wa USSD hauzidi herufi 182. Hakuna nafasi ya salamu ndefu, hakuna picha, hakuna maelezo ya sera ya kampuni. Aliyeiandika menyu alilazimika kuamua ni jambo gani moja mtu anataka kulifanya, na kulitaja kwa maneno machache anayoyajua. Haihitaji bando. Inafunguka kwenye simu ya bei ya chini kabisa. Na siku hizi, kabla hujaweka namba ya siri, nyingi ya menyu hizo hukuonyesha jina la anayepokea, uthibitishe. Hatua hiyo moja ya jina imeokoa pesa za watu wengi mno, na bado naona aplikesheni zinazokufanyia jambo zito bila kukuuliza kwanza.

USSD nayo ina ukali wake. Mama mkubwa alisoma polepole, na menyu ikisubiri sana hukatika. Dawa yake ilikuwa kukariri: moja, kisha moja, kisha namba. Ndiyo maana wakati mtandao aliokuwa akiutumia ulipopanga menyu upya, alikaa wiki kadhaa akimwita kijana wa jirani. Mpangilio wa vitufe ni ahadi kwa mtu aliyeukariri. Anayeubadilisha ili tu uonekane mpya anawavunjia watu kama mama mkubwa njia ambayo miguu yao imeizoea.

Karibu mwaka 2011 nilikuwa nimeingia kwenye kazi ya kutengeneza tovuti, katika ofisi ndogo ya watu wanne, Kinondoni. Wateja wetu walikuwa wakurugenzi, na mkurugenzi huitazama tovuti yake mahali pamoja: kwenye kioo kikubwa cha ukutani katika chumba cha mikutano, chenye kiyoyozi. Wakati huo kurasa zilikuwa na upana wa pikseli 960 au karibu na hapo. iPhone ya kwanza, ya mwaka 2007, ilizibeba kwa ujanja: ilijifanya ina upana wa pikseli 980, ikaupunguza ukurasa mzima utoshe kiooni, kisha ikamwachia mtumiaji kazi ya kuvuta kwa vidole. Ujanja huo ulikuwa wa kuvukia tu, lakini watengenezaji wengi waliufanya makazi, na wengine bado wanakaa humo. Ndiyo fomu ya binti wa kaka yangu.

Mei 2010 mbunifu wa tovuti Ethan Marcotte alikuwa ameshachapisha makala iliyoonyesha njia nyingine: safu zinazotanuka na kusinyaa, picha zinazofuata upana wa mahali zilipo, na kanuni zinazoupanga ukurasa kulingana na kioo. Luke Wroblewski naye, mwaka 2011, alitoa kitabu akisisitiza kwamba kazi ianzie kwenye simu, kisha ipanuliwe kwa kompyuta. Tuliyasoma yote mawili pale ofisini kwa hamu kubwa. Kwetu hoja hiyo ilikuwa na uzito kuliko huko ilikoandikwa. Msomaji wa Marekani alikuwa na kompyuta mezani na simu mfukoni. Msomaji wetu alikuwa na simu tu. Wengi walikuwa wakiperuzi kwa Opera Mini, ambayo hupitisha ukurasa kwenye mitambo yake, ikaubana, ndipo ikautuma kwenye simu, na MB zako zikadumu. Umaarufu wake ulikuwa kura ya wazi ya wananchi kuhusu kurasa nzito, na sioni kwamba ilihesabiwa.

Mteja mmoja, chama cha kuweka na kukopa, alitukatalia. Wanachama wake walikuwa walimu na manesi waliotawanyika wilaya nzima, na tulipendekeza ukurasa wa kwanza uwe na mambo matatu: salio langu, mkopo wangu, namba ya kupiga. Uongozi ulitaka picha kubwa inayobadilikabadilika, ujumbe wa mwenyekiti, na menyu inayocheza. Walikuwa wakilipa, wakapata walichotaka. Miezi iliyofuata simu za ofisi yao hazikupoa, nesi baada ya nesi akipiga kuuliza salio. Waliajiri mtu wa kupokea simu hizo.

Lakini darasa langu kubwa lilikuwa Mbozi. Huko nilikwenda na timu iliyowapelekea wakulima wa kahawa aplikesheni ya bei na ya taarifa za chama chao cha msingi. Ilikuwa imetengenezwa na watu hodari, na ofisini ilipendeza. Tulikutana na wakulima nje ya ghala, mchana kweupe.

Kwanza jua. Maandishi yalikuwa ya kijivu chepesi juu ya weupe, mtindo uliopendwa miaka ile, na kwa mwanga wa saa sita yalitoweka kabisa. Watu waliinamia simu, wakaziba kwa kofia, wakaingia ghalani kusoma kisha wakatoka. Mwongozo wa W3C, chombo cha kimataifa cha viwango vya wavuti, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Ukiusoma mezani unaweza kuuona kama hesabu ya wataalamu wakali. Nje ya lile ghala ulikuwa ndio tofauti kati ya kujua bei na kutoijua. Isitoshe, simu inayochajiwa kwa sola ya jirani kwa kulipia huwekwa mwanga wa chini kabisa siku nzima, ili chaji ifike jioni.

Kisha vidole. Mama mmoja mwenye shamba kubwa kuliko wengi pale aliugusa mshale wa kurudi, ukakataa. Akapangusa kidole kwenye kitenge, akagusa tena, ukakataa, mara ya tatu ukafunguka ukurasa wa pembeni yake. Ngozi ya kidole kilichoshika jembe tangu utoto ni kavu na nene, na kioo cha kugusa hakiisikii upesi. Apple wanashauri kitufe kisipungue vipimo 44 kila upande, Google wanasema 48, yaani takribani milimita 9, na toleo la 2.2 la mwongozo wa W3C, lililotoka 2023, limeweka pikseli 24 kuwa kiwango cha chini. Kwa mama yule hata hiyo 48 ilikuwa ya kubana. Tangu siku ile ninapochora kitufe ninaufikiria mkono wake, na ninaongeza.

Kulikuwa na mzee ambaye ukanda wa chini wa kioo chake ulikuwa umekufa tangu simu ilipodondoka. Alikuwa na mbinu yake: akiilaza simu, sehemu kubwa ya kibodi na vitufe husogea upande ulio hai, naye huandika. Aplikesheni yetu ilikuwa imefungwa isimame wima tu. Aliilaza, ikabaki ilivyo. Akairudisha mfukoni bila lawama yoyote, na ilikuwa wazi kwamba yeye amemaliza. Sijui ni mbunifu gani angeweza kukaa mezani akamwaza mzee yule. Lazima ukamwone.

Nafasi nayo ilikuwa haba. Simu nyingi zilikuwa Itel na Tecno za bei nafuu, zilizojaa picha za harusi na sauti za kwaya. Kuweka aplikesheni mpya kulimaanisha kufuta kitu cha moyoni, na baada ya wiki watu waliifuta yetu wakabaki na harusi. Nadhani walichagua sawa. Wengine walitumia simu moja mume na mke, na laini mbili, hivyo namba ya uthibitisho iliweza kutumwa kwenye laini ambayo wakati huo haikuwa ndani ya simu. Na karibu wote walikuwa wamezima data. Data huwashwa kwa sekunde chache, ujumbe uingie, izimwe. Aplikesheni isiyokumbuka bei ilizopakua jana, ambayo kila ikifunguliwa inadai mtandao kwanza, kwa watu wale ilikuwa imefungwa muda wote.

Tulirudi na madaftari yaliyojaa. Toleo la pili lilipungua ukubwa, likatunza taarifa bila mtandao, likakubali kulazwa, na bei zikawa zinapatikana pia kwa ujumbe mfupi wa kawaida. Njia hiyo ya ujumbe ndiyo iliyotumika zaidi, na baadhi ya wafadhili walihuzunika kusikia hivyo. Mimi sikuhuzunika.

Kuna tukio jingine ambalo bado linaniuma. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, alitakiwa kuhakiki taarifa zake mtandaoni mwaka 2021. Alizaliwa 1956. Kisanduku cha tarehe kilifungua kalenda ya mwezi ule, na njia pekee aliyoiona ya kurudi nyuma ilikuwa mshale wa mwezi mmoja mmoja. Miaka 65 ni miezi 780. Mtu aliyefundisha hesabu maisha yake yote alianza kuibonyeza, mmoja mmoja, kwa subira ya kizazi chake, hadi kidole kilipoteleza na kalenda ikarudi mwanzo.

Alipoletwa kwangu alianza kwa kuomba radhi. “Mwanangu, samahani kukusumbua. Uzee huu.” Nilimwamkia, nikamketisha, tukaanza upya. Fomu ilitaka jina la kwanza na la mwisho, naye ana matatu, kama Watanzania wengi, na cheti chake kina yote. Aliandika namba ya simu kwa sifuri mbele, ikakataliwa. Akaandika kwa 255 na nafasi katikati kama alivyozoea kuiandika ubaoni, ikakataliwa. Kila mara ulitokea ujumbe mwekundu wa Kiingereza, juu kabisa ya ukurasa, wakati sisi tulikuwa chini.

Hakuna hata moja kati ya mambo hayo lililo gumu kurekebisha. Kompyuta inaweza kuondoa nafasi na kugeuza sifuri kuwa 255 bila kumsumbua mtu. Mstari mmoja wa msimbo unatosha kuiambia simu ilete kibodi ya namba badala ya herufi. Kitengo cha huduma za kidijitali cha serikali ya Uingereza, kilichoanzishwa 2011, kinashauri tarehe ya kuzaliwa iandikwe katika visanduku vitatu, siku, mwezi na mwaka, kwa sababu kila mtu anaijua yake na hahitaji kalenda kuitafuta. Kinashauri pia kila ukurasa uulize jambo moja. Ukizitazama kanuni hizo kwa makini utaiona menyu ya mama mkubwa humo ndani.

Fomu ilipopita, mwalimu alinishukuru mno. Shukrani ile ilinisononesha. Alikuwa akipokea haki yake, naye akaipokea kama msaada.

Watu wenye kutoa huduma hizi si wabaya, na wengi wao hawajawahi kuzitumia. Baada ya mambo ya jirani yangu nilimwomba ofisa mmoja wa taasisi tofauti, mtu msikivu, ajaze fomu ya taasisi yake kwa simu yake mwenyewe akiwa safarini kutoka Dodoma kuja Morogoro. Nilimsihi asitumie kompyuta wala asimwombe mtaalamu wake. Alianza kuijaza Gairo. Kabla ya Dumila mtandao ulikuwa umekatika na kurudi mara kadhaa, na kila uliporudi alijikuta kwenye swali la kwanza. Alinipigia akiwa bado kwenye basi, na hasira ya sauti yake ilinipa matumaini, kwa kuwa hakusema simu yake ni mbovu.

Fomu yao sasa inahifadhi majibu kila hatua. Sehemu ya kupandisha vyeti inapokea picha iliyopigwa kwa simu na kuipunguza ukubwa yenyewe, badala ya kumtaka mwombaji akaskani. Ujumbe wa makosa bado ni wa Kiingereza, nami bado namfuata kwa hilo, kwa sababu anayesoma “namba hii imepungua tarakimu moja” anarekebisha na kuendelea, na anayesoma asichokielewa anafunga.

Kikwazo tulichokikuta baadaye kilikuwa kwenye karatasi za zabuni. Zilidai tovuti ya kisasa, salama, yenye mvuto, na fundi alitoa kilichoandikwa, akalipwa. Neno simu halikuwemo. Ofisa aliniomba nimsaidie kuandika kipengele, na tuliandika hivi: awamu ya mwisho ya malipo itolewe baada ya watu watano wasiowahi kuiona fomu kuijaza hadi mwisho, kila mmoja kwa simu yake na bando lake, nje ya jengo, bila kusaidiwa na mtu. Mwanasheria wao aliuliza watu hao watapatikana wapi. Tulikubaliana watoke kwenye foleni ya dirisha la huduma, maana wengi wa waliopo pale wamelipa nauli kufuata kitu walichoshindwa kukifanya wakiwa nyumbani. Kipengele kimepita kwa mwanasheria na sasa kiko kwa mhasibu.